Meya wa Mkononi

Gemu ya kujenga mji huanza kwa uongo mmoja mdogo. Unaiwasha, unaupa mji wako jina, na kioo kinakuonyesha ardhi: kijani huku, maji kule, miti kidogo. Ardhi hiyo haina mtu. Hakuna shamba la mihogo, hakuna kaburi, hakuna mnazi uliopandwa na babu wa mtu. Wewe ndiye meya. Umepewa fedha za kuanzia na miaka mingi mbele yako, na kila ukibonyeza, kitu kinaota: barabara, nyumba, kiwanda. Ukikosea unabomoa, unaanza tena. Kijana aliyekaa kituoni Pongwe akisubiri gari la kwenda mjini anaweza kuanzisha mji mzima mkononi mwake kabla konda hajamaliza kujaza viti.

Sisemi hivi ili kuibeza gemu. Watu wazima wengi wakimwona kijana kainamia kioo husema anapoteza muda, basi, mjadala unaishia hapo. Makala haya yanataka kwenda mbele kidogo. Yanauliza gemu hii ilitoka wapi, nani aliifundisha kuutazama mji kwa namna ile, na kwa nini mtu wa Tanga, hasa wa Pongwe (ile ya njia ya Muheza na Segera, si ile ya ufukweni Unguja), ana sababu ya kuitazama kwa jicho la pili. Maana sisi huku tumewahi kuwa ndani ya mchezo wa aina hiyo, ila kwa upande mwingine: si upande wa anayebonyeza, bali upande wa anayebonyezwa.

Meya wa kwanza alikuwa mfalme

Tuanze mbali. Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika jimbo la New York, mama aitwaye Mabel Addis, aliandika mchezo wa kompyuta kwa ajili ya wanafunzi, akisaidiana na wataalamu wa kampuni ya IBM. Mchezo uliitwa The Sumerian Game. Mtoto alipewa cheo cha mtawala wa Lagash, mji wa kale wa Mesopotamia, na kila msimu alitakiwa kuamua: nafaka kiasi gani iliwe, kiasi gani ipandwe, kiasi gani iwekwe ghalani. Hapakuwa na picha inayocheza. Mashine ilichapa maneno kwenye karatasi, mtoto akajibu kwa namba. Akikosea hesabu, watu wanakufa njaa kwenye karatasi.

Mwaka 1968 Doug Dyment aliandika mchezo mfupi wa namna hiyo hiyo, ambao baadaye ulienea kwa jina la Hamurabi. Mwaka 1981 Don Daglow akatoa Utopia, ambamo wachezaji wawili kila mmoja ana kisiwa chake cha kutawala. Kwa hiyo kabla hajawa meya, mchezaji alikuwa mfalme. Ukweli huo tuuweke akilini, tutauhitaji.

Halafu akaja Will Wright. Mwaka 1984 kijana huyu wa Marekani alitoa gemu ya vita iitwayo Raid on Bungeling Bay: unarusha helikopta, unapiga mabomu visiwa. Ili kuvichora visiwa hivyo alijitengenezea programu ndogo ya kupanga barabara na majengo. Kumbe, mwenyewe amesimulia mara nyingi, alifurahia zaidi kuvijenga visiwa kuliko kuvilipua. Akaanza kusoma vitabu vya mipango miji. Kufikia mwaka 1985 alikuwa na gemu ya kujenga mji, lakini kampuni hazikuitaka. Eti gemu gani hii isiyo na kushinda wala kushindwa? Mwaka 1987 yeye na Jeff Braun wakaanzisha kampuni yao, Maxis, na mwaka 1989 SimCity ikatoka. Dunia ikaipenda.

Mwanzoni ilikuwa ya kompyuta ya mezani, kisha ikahamia kwenye mashine za kuunganishwa na televisheni. Toleo la pili, SimCity 2000, lilitoka mwaka 1993, na mwaka 2003 likatiwa ndani ya Game Boy Advance, ile mashine ndogo ya Nintendo unayoishika kwa mikono miwili. Mwaka 2007 ikafuata SimCity DS, ambayo barabara unazichora kwa kijiti kidogo juu ya kioo kama mtu anayeandika ubaoni. Mwaka 2014 likaja toleo la simu, SimCity BuildIt. Hivyo ndivyo mji ulivyoshuka kutoka mezani hadi kiganjani.

Sasa tuulize: Wright aliutoa wapi ule mji wenye akili ya hesabu? Sehemu kubwa aliutoa kwa Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT. Forrester alizungumza sana na John Collins, aliyekuwa amemaliza muda wake wa umeya wa Boston, kisha mwaka 1969 akatoa kitabu kiitwacho Urban Dynamics. Ndani yake mji umegeuzwa kuwa milinganyo: nyumba kadhaa, viwanda kadhaa, wafanyakazi kadhaa, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Moja ya majibu yaliyotoka kwenye mashine yake ni kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhoofisha mji, na kwamba afadhali kubomoa sehemu ya nyumba duni na kuweka biashara mahali pake. Watu wengi walimpinga. Wright hakuchukua kila alichosema Forrester, lakini alichukua njia yake: mji ni mashine, na kuna mtu mmoja juu aliyeshika mitambo.

Nani kasema mji una vyumba vitatu?

Ukicheza SimCity ile ya kwanza utakuta ardhi yote ya kuishi na kufanya kazi inagawanywa mara tatu. Kijani ni makazi. Buluu ni biashara. Njano ni viwanda. Kila kimoja mahali pake, ni marufuku kuchanganya. Unapanga rangi, unaweka umeme na njia, halafu unangoja watu waje wenyewe. Kodi inaanzia asilimia 7. Ukiipandisha mno watu wanahama kimyakimya. Bei zake pia zinafundisha kitu: eneo moja la makazi ni dola 100, kipande cha reli dola 20, kipande cha barabara dola 10. Na kubomoa? Dola 1. Katika gemu nzima hakuna kazi rahisi kuliko kubomoa.

Tuseme haki: kuna mengi mazuri humo. Mchezaji anajifunza kwamba barabara haiishi siku ya kuikata utepe. Kila mwaka inadai fedha za matengenezo, na polisi wanadai, na zimamoto wanadai, na mfuko ni mmoja. Kijana aliyewahi kufilisika kwenye gemu hadanganyiki kirahisi na ahadi za mkutano wa kampeni. Hilo si dogo.

Lakini ile hesabu ya vyumba vitatu, mbona tunaifahamu? Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, kanuni za ujenzi za Dar es Salaam ziliugawa mji maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu. La pili la nyumba na biashara. La tatu la nyumba za wenyeji. Kanuni zilizungumzia aina ya jengo, si rangi ya ngozi, lakini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Watu wakayatafsiri maeneo hayo kwa maneno matatu ambayo mpaka leo hayajatutoka mdomoni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Tanga nayo ilichorwa. Upande wa bahari kuna bandari, ofisi na barabara zenye miti, na mbele kidogo Raskazone yenye upepo wake. Ukivuka reli unaingia Ngamiani. Na Ngamiani, si unajua, mitaa yake imepigwa rula na kupewa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka inapita ya Ishirini. Ni mraba juu ya mraba, kama kioo cha gemu. Tumezizoea namba hizo kiasi kwamba tunazipenda, tunaelekezana nazo, tunatambiana nazo. Lakini namba ni jina analolitoa mtu asiyemjua mtu yeyote mtaani.

Sasa itazame nyumba yenyewe ya Kiswahili ndani ya mraba ule. Mbele kuna baraza. Dirisha moja la mbele limegeuzwa duka: sabuni, chumvi, mafuta ya kupima. Ndani kuna ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kimoja wapo kakaa mpangaji ambaye ni fundi cherehani. Uani mama anakaanga maandazi ya kuuza asubuhi. Jioni baraza linakuwa uwanja wa bao, na kukitokea ugomvi wa ndoa linakuwa mahakama. Haya, bwana meya, nyumba hii utaipaka rangi gani? Kijani, buluu au njano? Gemu ile haina jibu. Nyumba ya namna hii haikuwamo kwenye hesabu, kwa hiyo kwenye mji wake haiwezi kuota.

Reli na watu wa namba

Katika gemu, reli inajengwa kwa kidole. Unaburuta, inalala. Wachezaji wa zamani waligundua kwamba unaweza kuujenga mji wote kwa reli bila barabara hata moja, na msongamano usiwepo. Reli ya gemu haina moshi, haina kelele, na haina aliyeibeba begani.

Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianzia Tanga. Wajerumani waliianza mwaka 1893, wakaitoa bandarini, wakaipitisha Pongwe, na mwaka 1896 ikafika Muheza. Kisha ikasuasua, ikapanda polepole mpaka Korogwe, Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mwaka ule ule wa 1893, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo 62, mashamba ya mkonge yakaenea kandokando ya reli, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyotupita.

Kwenye gemu, ukiweka eneo la kazi wafanyakazi wanatokea. Hawatoki popote, wanatokea tu. Kwenye mkonge walitoka mahali. Walitoka Kigoma na Songea, wakatoka Burundi, wakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwakusanya, SILABU, na watu wakawa wanasafirishwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Na watu hao jina lao lilikuwa manamba. Kila mmoja alikuwa na namba yake, na namba ikameza jina.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mtaa kupewa namba si ajabu sana. Mtu kupewa namba ni jambo jingine. Pale juu kwenye kona ya kioo cha gemu kuna tarakimu inayopanda: idadi ya watu. Ukiiona inapanda unafurahi. Msimamizi wa shamba naye alikuwa na daftari lenye tarakimu, naye alifurahi ikipanda. Tofauti ni kwamba waliokuwa nyuma ya tarakimu yake walikuwa na mama zao, walikuwa na ngoma zao za Jumamosi, na wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao wapo mpaka leo katika vijiji na miji ya Tanga, wanazungumza Kiswahili cha Tanga, na wakati mwingine jina la ukoo tu ndilo linaloonyesha babu alitoka upande gani wa nchi.

Walipobonyeza wenyewe kwa wenyewe

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya mkoloni, yamekwisha. Hapana, mshikaji. Jicho la kutazama kutoka juu halina rangi. Mkonge ulitaifishwa mwaka 1967, nchi ikawa mikononi mwetu, na kalamu ya kuchora ramani vilevile.

Mwaka 1973 ulikuwa mwaka wa ramani. Mwezi Oktoba chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma. Kampuni ya Toronto, Kanada, ikachora mpango wa mji mpya, uliokamilika mwaka 1976. Mji wenyewe ulingoja miaka mingi. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Na Novemba ya mwaka huo huo wa 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kupenda, wengine kwa magari ya mgambo na nyumba kutiwa moto. Sehemu nyingi nyumba mpya zilipangwa mstari kandokando ya barabara, ili shule, maji na zahanati vifike kwa urahisi.

Nia ilikuwa njema, na shule zilifika kweli. Lakini mstari ule ulipendeza zaidi kwa anayeuona kutoka juu. Mkulima aliyehamishwa aliacha shamba alilolijua udongo wake, akawekwa mahali ambapo shamba lipo mbali na mnyama yupo karibu. James Scott, msomi wa Marekani, mwaka 1998 aliitumia habari hii ya kwetu kuonyesha jinsi serikali inavyotaka nchi isomeke kirahisi kama karatasi. Lakini kabla yake, mwaka 1979, Euphrase Kezilahabi alikuwa ameshaandika riwaya ya Gamba la Nyoka, juu ya amri ile ilivyowafikia wanakijiji wenyewe, wakaipokea, wakaipinga, wakaogopa, wakacheka. Angalieni tarehe, vijana wenzangu. Mwandishi wa Kiswahili alifika miaka 19 kabla.

Na siku hizi kuna alama ya X. Unarudi nyumbani unaikuta ukutani, rangi nyekundu, imechorwa na mtu aliyeshaondoka. Bomoabomoa. Inawezekana barabara inayokuja inahitajika kabisa, inawezekana hata fidia ipo. Lakini nani kati yetu amewahi kucheza gemu ambayo, ukiweka kidole juu ya nyumba ili uibomoe, mlango unafunguka na mzee anatoka kukuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Saruji inatoka wapi?

Turudi Pongwe, maana Pongwe ina neno lake katika habari hii. Pale pana kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1980. Sababu ya kiwanda kuwa pale iko chini ya miguu: mawe ya chokaa, ndugu wa miamba ile iliyochimbwa na maji ikawa mapango ya Amboni. Mawe yanalipuliwa, yanasagwa, yanachanganywa na udongo, yanaingia kwenye tanuri linalozunguka lenye joto la nyuzi kama 1,450. Yanatoka yakiwa vipande vyeusivyeusi, klinka. Klinka inasagwa pamoja na jasi kidogo, na huo ndio unga ule wa kijivu unaotiwa kwenye mfuko wa kilo 50.

SimCity ile ya kwanza haina saruji. Haina mchanga, haina kokoto, haina fundi anayedai malipo ya nusu kabla ya kuanza. Nyumba inatokea imekamilika, na taa inawaka. Huku kwetu nyumba haitokei. Mtu ananunua kiwanja mwaka huu, mwakani anafyatua matofali mia mbili, mwaka unaofuata anajenga msingi, anasimama kidogo kwa sababu mtoto anaingia sekondari, anarudi, anafika kwenye renta, anasimama tena. Ukipita kwenye kingo za mji wowote wa Tanzania utaziona kuta hizo zisizo na paa, na majani yameota chumbani. Mgeni anaweza kudhani ni magofu. Si magofu. Ni akiba ya mtu, imesimama wima, inangoja mshahara.

Mji wa kweli unajengwa hivyo, mfuko kwa mfuko, na watu ambao hakuna aliyewapa cheo cha meya. Pongwe inatoa unga unaojenga miji ya watu wengine, na yenyewe inajijenga kwa mwendo huo huo wa kidogokidogo: genge hapa, banda la mama ntilie pale ambapo madereva wa malori wanasimama, chumba cha kupangisha nyuma ya nyumba. Mengi ya hayo hayakuchorwa na mtu. Yalitokea kwa sababu mtu mmoja alikuwa na njaa na mwingine alikuwa na sufuria.

Kusadikika, nchi ya mkononi

Stanisław Lem, mwandishi wa Poland, katika kitabu chake The Cyberiad cha mwaka 1965 ana kisa cha fundi anayemhurumia mfalme dhalimu aliyefukuzwa. Anamtengenezea ufalme mdogo ndani ya sanduku: miji, majeshi, raia, vyote vidogo. Mfalme anafurahi, sasa anaweza kutesa bila kumdhuru mtu. Fundi anarudi nyumbani amejisifu, lakini rafiki yake anamshika koo kwa hoja: umejuaje kwamba wale wadogo hawaumii? Will Wright amesema kisa hiki kilikuwa kati ya vitu vilivyomsukuma kutengeneza SimCity. Kumbe swali lilikuwapo tangu mwanzo. Liliwekwa tu pembeni ili mchezo uendelee.

Nasi tuna sanduku letu. Mwaka 1909, Vibambani karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert. Wengi wetu tulikutana naye shuleni, tukamkariri kwa ajili ya mtihani, tukamwacha humo humo. Tumkumbuke kama mtu wa kazi: alikuwa karani. Alikaa miaka mingi idara ya forodha, akafanya kazi ofisi ya wilaya ya Tanga, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi hapo hapo Tanga. Yaani, baba wa fasihi yetu aliishi katikati ya ramani. Aliona jinsi ardhi yenye watu inavyogeuzwa kuwa karatasi yenye mistari.

Mwaka 1951 alikuwa ametoa Kusadikika. Ni nchi ya kubuni inayoelea hewani, na ukishika kitabu chake umeishika nchi nzima mkononi, kama vile kijana wa kituoni alivyoushika mji wake. Ina mfalme, ina mawaziri, ina sheria. Mpaka hapo ni gemu. Lakini Shaaban Robert anafanya jambo moja ambalo gemu haifanyi. Anamsimamisha mtu mmoja, Karama, mbele ya baraza, ameshtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, na anampa nafasi ya kusema. Karama anasema siku nyingi. Anawakumbusha wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani kwa shukrani. Na wenye kuhukumu wanalazimika kusikiliza.

Kumbuka kitabu kilitoka mkoloni akiwa bado kakaa ofisini, na mwandishi ni karani wake. Gemu inamfanya kila mtu kuwa mfalme. Kusadikika inamfanya mfalme akae kimya na mshtakiwa azungumze. Vyote viwili ni nchi za kubuni, vyote vinashikika kwa mkono mmoja, lakini mafunzo yake yanakwenda njia mbili tofauti.

Kwa hiyo tucheze au tusicheze? Tucheze, bwana. Kujua kodi inavyoingia na barabara inavyokula fedha ni elimu, na nchi yetu inahitaji watu wanaoijua. Lakini anayetaka kuwa mwandishi ana kazi ya ziada. Achague kimraba kimoja tu cha ramani anayoijua. Kituo cha reli cha Pongwe, kwa mfano, au barabara moja ya Ngamiani, au ukuta mmoja usio na paa. Kisha ashuke chini, aende pale kwa miguu, aulize. Nani alilima hapa kabla ya reli? Huyu bibi mwenye jina la Kiha alifikaje Tanga? Mtaa huu kabla ya kuwa namba uliitwaje? Aandike majibu kama yalivyosemwa, na jina la aliyesema, akikubali.

Na asikawie. Aliyekuwa na miaka 20 Operesheni Vijiji ilipopita alizaliwa mwaka 1953. Aliyekata mkonge kwa kipande kabla ya Uhuru ni mkubwa zaidi ya huyo, na kila mwaka tunawazika. Gemu ina kitufe cha kuhifadhi mji wako ukauzime, ukaurudie kesho ukiwa vilevile. Wazee hawa hawana kitufe hicho. Wana sisi, tukiwa na daftari.